Mwenza wa mraibu wa ngono: jeraha lako nalo linatibika

Saa nane usiku umejifungia chooni na simu ya mumeo, unasoma kwa mara ya nne meseji za pesa alizotuma kwa namba usizozijua. Asubuhi hukumbuki kama chai ya watoto uliitia sukari. Mtu akikugusa bega kwenye daladala, unaruka. Wengi wanaofika kliniki yetu wakiwa katika hali hii huanza na swali moja: "Daktari, nimeanza kuchanganyikiwa?"

Hujachanganyikiwa. Umepata kiwewe. Umegundua kwamba mtu uliyelala naye miaka yote alikuwa na maisha mengine, na sasa akili inakesha kama watu wa nyumba iliyovunjwa na wezi: kila mlio ni hatari. Picha zinakujia bila kuitwa, chakula hakipiti, unakwepa mtaa ambao jina lake ulilikuta kwenye simu.

Alichonacho mwenzako kinaweza kuwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022: mtu anashindwa kuzuia msukumo wa ngono kwa muda mrefu, miezi sita au zaidi, hata kazi, afya na ndoa vikiharibika. Si kila anayetoka nje ya ndoa anao; hilo hupimwa na mtaalamu. Na akiwa nao, bado anawajibika kwa alichokutendea.

Hapa Dar es Salaam kinachowaumiza wanawake mara ya pili ni ushauri wa nyumbani. Unamweleza shangazi au somo wako, naye anauliza, "Umemnyima nini?" Basi unarudi kwenye udi, kanga mpya na mafunzo ya unyago, ukiamini ukiongeza bidii ataacha. Hataacha kwa hilo, kwa sababu uraibu haukuanza kwa upungufu wako. Nimeona wanawake wakijilaumu miaka mingi kwa kosa lisilo lao, na inaniuma kila mara. Wanaume wenye wake waraibu wapo pia, nao hunyamaza zaidi kwa kuogopa kuchekwa.

Anza na mwili. Kama mmekutana bila kinga ndani ya saa 72 zilizopita na una wasiwasi wa VVU, nenda kituo cha afya leo hii uulizie dawa za kuzuia maambukizi. Hunywewa kwa siku 28, na kila saa unayochelewa inapunguza nguvu yake. Muda huo ukiwa umepita, pima VVU, kaswende na homa ya ini B, kisha rudia kipimo cha VVU baada ya miezi mitatu. Mpaka majibu yajulikane, una haki ya kukataa tendo la ndoa.

Kuhusu maswali, uliza yanayogusa usalama wako: afya, madeni, watoto wa nje. Ukitaka kujua walikuwa wapi, alivaa nini, walifanyaje, kila jibu litakuwa picha mpya ya kukuamsha usiku. Vivyo hivyo kukagua simu kutwa nzima: kunatuliza dakika kumi, kisha hofu inarudi. Kumlinda asirudie ni kazi yake na mtaalamu wake.

Chagua mtu mmoja mwenye kifua, umweleze. Kundi la WhatsApp la familia si mahali pake. Uamuzi wa kuachana au kubaki unaweza kusubiri mpaka ulale na kula vizuri, isipokuwa kama anakupiga au kukulazimisha. Hapo ondoka, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi litakupokea.

Ukiwaza kujiua, usingoje kesho. Nenda hospitali iliyo karibu, hata usiku, mtu akusindikize. Kwa mengine yote, kliniki za afya ya akili zipo Muhimbili na katika hospitali za rufaa za mkoa: Amana, Temeke na Mwananyamala. Unaweza kuja peke yako, hata kama yeye amekataa matibabu.