Kiwewe na kumbukumbu katika riwaya za wanawake wa Kiarabu

Anayezisoma riwaya za wanawake wa Kiarabu kwa mara ya kwanza aghalabu hulalamika kwamba hadithi hainyooki: mara tuko leo, mara miaka thelathini nyuma, na msimulizi kabadilika bila taarifa. Sisi tunaofundisha fasihi humjibu kwamba aliyepatwa na kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, hakumbuki kwa kufuata tarehe. Tukio moja humrudia kila mara, na jingine hawezi hata kulitamka. Waandishi hawa wameujenga mtindo wao juu ya hali hiyo.

Tazama al-Tanturiyya (2010) ya Radwa Ashour wa Misri. Msimulizi wake, Ruqayya, ni mtu mzima sana, na anaandika kwa sababu mwanawe Hasan amemshikilia aandike. Alikuwa msichana wakati kijiji chao cha Tantura, kwenye pwani ya Palestina kusini ya Haifa, kilipotekwa na majeshi ya Israeli Mei 1948. Wanawake na watoto walipokuwa wakiondolewa, aliona maiti za baba yake na kaka zake wawili zimerundikwa na nyingine. Mama yake akakataa katakata kuamini kwamba wamekufa. Ukimbizini Lebanoni aliendelea kuwaambia watu kwamba wanawe wamekimbilia Misri, huku ufunguo wa nyumba yao ukining'inia shingoni mwake. Ashour hamhukumu mama huyu wala hamwiti mwendawazimu. Anawaacha wawili hao waishi pamoja, mmoja ameona na mwingine hataki kujua, na msomaji anabaki katikati.

Wengine huanzia nyumbani kabla hata ya vita. Katika Hikayat Zahra (1980) ya Hanan al-Shaykh wa Lebanoni, bunduki za vita vya wenyewe kwa wenyewe mjini Beirut zinamkuta Zahra ameshajeruhiwa: alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akiandamana naye anapokwenda kuonana na hawara wake, ili asishukiwe. (Jina hili la jumla, "wanawake wa Kiarabu", nalitumia kwa tahadhari; Beirut ya Lebanoni si Muscat ya Oman.)

Kwetu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, iliyo karibu zaidi ni Sayyidat al-Qamar (2010) ya Jokha Alharthi wa Oman. Tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Marilyn Booth, ilipata tuzo ya Man Booker ya kimataifa mwaka 2019, mara ya kwanza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini Oman utumwa ulipigwa marufuku rasmi mwaka 1970 tu. Kwa hiyo katika riwaya hii aliyemiliki na aliyemilikiwa bado wako hai, tena ni watu wa nyumba moja.

Abdallah, mtoto wa tajiri Sulayman, anasimulia akiwa ndani ya ndege kuelekea Frankfurt. Ni baba mwenye watoto wakubwa, lakini akisinzia anarudi kisimani, pale baba yake alipomfunga kamba na kumning'iniza kichwa chini kumwadhibu. Kifo cha mama yake hakipati maelezo yaliyo wazi. Kuna minong'ono tu, mingine ikiwataja majini. Utajiri wa ukoo nao ulitokana na biashara ya watumwa iliyofichwa nyuma ya biashara ya tende. Aliyemlea ni Zarifa, mtumwa wa baba yake, naye anampenda kama mwanawe wa kumzaa. Lakini Sanjar, mtoto wa Zarifa mwenyewe, anamwambia mama yake kwamba sheria imeshawaweka huru na Sulayman hana tena haki juu yao, kisha anahamia Kuwait. Zarifa haoni kosa lolote katika maisha aliyoyazoea.

Ukikisoma kitabu hiki, angalia nafsi za usimulizi. Abdallah pekee ndiye anayesema "mimi". Wengine wote, Zarifa akiwemo, wanasimuliwa. Mwana wa bwana ana sauti yake mwenyewe, na bado ndiye anayeshindwa kutoka kisimani.