“Fundi, intaneti imekatika, nikatoe hela yangu?”

Mama mmoja mwenye duka la vipodozi Sinza alinipigia wiki iliyopita saa mbili usiku. Ruta yake ilikuwa imezima. Adapta iliungua, hakuna la ajabu. Lakini hakuwa anauliza habari za ruta. “Fundi, nikatoe hela yangu kwa wakala kabla hajafunga? Si umesema mtandao hamna?”

Nilikaa kimya kidogo. Alikuwa amenipigia kwa simu hiyohiyo yenye hela, sauti yake naisikia vizuri kabisa, na ananiambia mtandao hamna.

Nafunga na kutengeneza intaneti za maduka na hosteli hapa Dar, na swali hilo nimelijibu mpaka nimelichoka, hasa tangu Jumapili ya 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika kaskazini ya Durban, Afrika Kusini. Upande wa juu nako kulikuwa kumeshaharibika: Seacom ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu tangu Februari. Kwa hiyo njia za kusini na kaskazini zikawa zimeumia kwa wakati mmoja, na intaneti Tanzania ikawa ya kubahatisha. Jumatatu asubuhi nikawakuta wateja wangu wawili kwa wakala, wanatoa kila shilingi waliyonayo na kulipia makato ya kutolea, kwa hofu tupu.

Dhana: bila intaneti, hela ya kwenye simu haitoki

Lawama ya kwanza naipeleka kwa lugha yetu wenyewe. Mnara ukizima, “mtandao hamna”. Bando likiisha, “mtandao hamna”. Mfumo wa benki ukigoma, karani anakwambia “mtandao unasumbua”. Kampuni ya simu nayo ni mtandao, na matusi ya Facebook yako mtandaoni. Vitu vitano, jina moja, halafu tunashangaa watu wanachanganya. Mteja akiniambia mtandao umekufa, swali langu la kwanza siku zote ni: mtandao upi?

Ukipiga *150*00# ya M-Pesa hutumii bando. Menyu ile ni USSD, ujumbe mfupi usiozidi herufi 182 kwa mara moja, na unapita kwenye njia ileile ya simu za kawaida (GSM) inayoiamuru simu yako iite mtu anapokupigia. Ndiyo maana kiswaswadu cha bibi kijijini kinatuma na kupokea hela wakati hakijawahi kufungua ukurasa hata mmoja wa intaneti. Na wewe mwenyewe umeshatuma hela mara ngapi bando likiwa limeisha tangu juzi?

Tarehe nazo zinasema. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafuata 2008. Seacom, waya wa kwanza wa faiba wa baharini kutufikia, ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuja kwa satelaiti, ghali na ya mwendo wa kobe, na watu walikuwa wanatuma ada za shule kwa simu bila wasiwasi.

Sasa nisije nikaitwa mwongo. Programu ya M-Pesa ile ya kwenye simu janja inahitaji data. Ikigoma, ifunge, piga menyu, maisha yaendelee. Pia inategemea mitambo imekaa wapi: seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani hadi 2015, ndipo zikahamishiwa nyumbani, na mtambo ukiwa nje ya nchi waya wa baharini unakuwa na maana nyingine kabisa. Halafu kuna faiba ya nchi kavu. Greda la barabara likiukata mkongo unaokwenda mkoani, mnara unaweza kubaki yatima, na hapo simu ya kawaida nayo haitoki, menyu haifunguki, wakala anakunja meza. Lakini hiyo siyo intaneti kukatika. Hiyo ni kampuni ya simu kutengwa na mnara wake, tatizo jingine, fundi mwingine.

LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ni hivyohivyo. Watu wananiuliza kama umeme utazima intaneti ikikatika. Tarakimu 20 unazobonyeza zimefumbwa kwa ufunguo wa mita yako, na mita inazifumbua yenyewe pale ukutani bila kuuliza mtu. Kinachohitaji mfumo wa TANESCO uwe hai ni kununua tokeni. Basi nunua mapema, ziandike mahali. Ushauri huu nautoa kila nyumba ninayoingia, na hakuna anayeufuata.

Dhana nyingine, haraka haraka

“Intaneti inatoka angani.” Kwa walio wengi, hapana. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka kati ya mabara inapita chini ya bahari, kwenye waya ambao kilindini ni mnene kama mpira wa kumwagilia bustani. Ule wa Mei 2024 ilibidi meli iitwayo Léon Thévenin itoke Cape Town kwenda kuuvua na kuuunga. Ukiona dishi juu ya paa la jirani, kwa kawaida ni la king'amuzi.

“Waifai imejaa lakini haifanyi kazi, umenidanganya.” Vile vijistari vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na ruta yangu. Havijui habari za Durban.

“Mimi sina intaneti, nina WhatsApp tu.” Sina la kusema.

“Bila data GPS haijui nilipo.” GPS ni simu kusikiliza satelaiti, na kusikiliza ni bure. Kinachokosekana ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua ukiwa nyumbani. Dereva wa bodaboda anayeshika simu juu akitafuta data ili ajue yuko Mwenge amenishinda.

“Ikikatika tutarudi tu kama zamani”

Hii nayo inanikera, na wanaoisema ni watu wazima wenzangu, tena kwa tabasamu, kama wanaikumbuka Dar ya vibanda vya simu za kadi. Zamani ilikuwa na vyombo vyake, na vyombo hivyo tumeshavitupa. Vibanda vya TTCL viko wapi? Matokeo ya kidato cha nne yalibandikwa ubaoni. Leo mtoto anayasoma kwenye tovuti ya NECTA. Kusajili jina la biashara BRELA, kuomba mkopo wa chuo HESLB, kuomba kazi serikalini, kujaza fomu ya pasipoti, vyote vinaanzia kwenye kompyuta. Ukifika kaunta, karani hana karatasi ya kukupa ujaze kwa kalamu. Hata kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali, unayoilipa vizuri kabisa kwa menyu isiyo na intaneti imezaliwa kwenye mfumo, na mara nyingi wewe ndiye uliyeuingia kuiomba.

Kariakoo ndiyo ingeumia kimya kimya. Mfanyabiashara wa viatu anapata picha na bei kutoka Guangzhou kwa WeChat, anachagua rangi akiwa amekaa kwenye stuli mtaa wa Kongo. Kuirudia zamani ni kupanda ndege au kumwamini dalali usiyemwona. Mei ile ya 2024 hata ubalozi wa Marekani hapa Dar ulifunga huduma kwa umma siku mbili, na wao hawakosi fedha za kulipia intaneti.

Ukiniuliza tungepoteza nini kwanza, nitakwambia ni namba za simu. Simu zingeita kama kawaida, ila nani anazijua namba? Wengi tunapigiana kwa WhatsApp, na majina tumeyahifadhi kwenye akaunti ya Google tukidhani yako kwenye laini. Yule mama wa Sinza nilimwomba anitajie namba ya mumewe kwa kichwa. Akataja ya kwake, akarudia, akacheka.

Nilipompelekea adapta nilimpelekea na daftari dogo la mistari. Ukurasa wa kwanza nimemwandikia *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money na namba ya mita yake. Kurasa zilizobaki nimemwachia ajaze mwenyewe.