Panga la migombani: kusuuza na maji hakutoshi

Huku Kagera wengi bado wanaamini panga ukilisuuza na maji ukalifuta kwa jani basi liko safi. Hapana jamani. Unyanjano, ule mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda 2001 ukaja mpaka kwetu, ni bakteria wanaokaa kwenye utomvu, kata shina lenye ugonjwa usubiri kidogo utaona linatoa usaha wa njano, sasa huo ukishaganda kwenye chuma maji yataufanya nini? Na mgomba unaweza kuonekana mzima kumbe tayari unao. Panga lichome motoni mpaka lisishikike, au lichovye kwenye Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa vitano vya maji, ndo uguse mgomba mwingine. Ila ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, usilikate kwa panga hata kidogo, livunje kwa kijiti chenye panda, mapema, kabla nyuki hawajaleta bakteria.