Si kila laptopu nzito ina njaa ya RAM

Mteja anaingia na laptopu kwapani na kipande cha RAM kwenye bahasha. Ameshanunua. "Fundi, nipachikie hii tu, mashine imekuwa nzito." Hajui laptopu yake ina RAM kiasi gani, hajui ina sloti ngapi, hajui hata kama kipande alichoshika kinaingia. Anachojua ni kwamba kuna mtu alimwambia RAM ndiyo kasi. Nimelieleza hili kwa mdomo mpaka limenichosha, kwa hiyo leo naliandika lote.

RAM si kasi. RAM ni nafasi ya kazi zinazoendelea sasa hivi. Nafasi ikitosha, kuongeza nyingine ni kumpakulia aliyeshiba. Isipotosha, mfumo unaanza kuhamishia kurasa za memori kwenye diski ili kupisha programu nyingine, na hapo ndipo mashine inapokufia mikononi. RAM inajibu kwa makumi ya nanosekunde. Diski ya kuzunguka inajibu kwa milisekunde kadhaa, yaani polepole zaidi kwa takriban mara laki moja. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, inapunguza sana pengo hilo, lakini hailifuti. Kwa hiyo faida yote ya kuongeza RAM ni kuizuia mashine isikimbilie diski. Kama haikuwa inakimbilia diski, hutaona tofauti yoyote ya maana, hata ukiijaza GB 64.

Swali la kwanza basi ni hili: je, RAM yangu haitoshi kweli? Na hapa ndipo watu wanaponikera zaidi, kwa sababu wanatazama namba moja tu kisha wanatoa hukumu.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", kisha "Memory". Utaona asilimia. Wengi wakiona 70% wanashtuka. Asilimia hiyo peke yake haisemi mengi. Windows haina haraka ya kuzinyang'anya programu memori wakati nafasi ipo, kwa hiyo mashine yenye RAM nyingi hutumia nyingi hata kwa kazi zilezile. Vivinjari navyo hujitanua vikiona uwanja ni mpana. Wengine wanaingia "Resource Monitor", wanakuta sehemu ya "Free" imebaki kidogo sana, na wanapiga kelele kwamba memori imekwisha. Haijaisha. Sehemu ya "Standby" iliyo pembeni yake imehifadhi mafaili ambayo mfumo unadhani utayahitaji tena, na inaachiwa mara moja programu ikidai nafasi. RAM iliyokaa wazi bila kazi haikusaidii kitu. Kinachokuhusu ni "Available", ambayo tayari imejumlisha hizo mbili.

Halafu kuna "Committed", yenye namba mbili, tuseme 9.4/12.8. Ya kwanza ni memori ambayo mfumo umeziahidi programu. Ya pili ni ukomo wa ahadi hizo, yaani RAM ukijumlisha na faili la ziada lililo kwenye diski. Utasoma sehemu nyingi kwamba namba ya kwanza ikipita RAM uliyonayo, basi RAM haitoshi. Ni dalili nzuri, lakini haitoshi kuwa ushahidi. Programu nyingi huomba memori kubwa na kamwe haziigusi yote. Nimeshaona mashine ya GB 8 ikiwa na ahadi za GB 10 na inakwenda vizuri kabisa, na nyingine yenye ahadi za GB 9 ikiwa inajikokota.

Ninachokiamini zaidi ni "Hard Faults/sec" kwenye "Resource Monitor", yaani mara ambazo programu imeitafuta memori yake ikaikuta iko kwenye diski. Tena usiitazame mashine ikiwa imetulia. Fungua kazi zako za kawaida, vichupo vyako vyote, jedwali lako la hesabu, mkutano wako wa video, kisha rukaruka kutoka programu moja hadi nyingine. Namba ikipanda unapofungua programu kwa mara ya kwanza, hiyo ni kawaida: programu inasomwa kutoka kwenye diski. Ikibaki juu kila unaporudi kwenye dirisha ambalo lilikuwa tayari limefunguliwa, na diski inafanya kazi bila kupumzika, hapo laptopu ina njaa ya RAM kweli. Kwa watumiaji wa Linux, amri ni free -h, na safu ya kusoma ni "available", si "free". Kisha vmstat 1, utazame safu za "si" na "so", yaani memori inayorudi kutoka kwenye diski na inayopelekwa huko. Zikikaa kwenye sifuri, acha RAM yako ilivyo. Kwenye Mac, fungua Activity Monitor utazame grafu ya "Memory Pressure": ya kijani huna shida, nyekundu unayo.

Ukikuta RAM imetumika nusu na diski iko 100%, na diski yenyewe ni ya kuzunguka, tatizo umelipata na si RAM. Badilisha diski, weka SSD. Ukikuta vyote vimetulia lakini mashine inaunguruma na ni ya moto, safisha feni na ubadilishe pasta ya prosesa, kwa sababu prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Yote mawili nayakuta mara nyingi kuliko upungufu wa RAM.

Tuchukulie umepima na RAM kweli haitoshi. Sasa jua kilichomo ndani. Ukurasa uleule wa "Memory" unaonyesha kasi, umbo, na sloti zilizotumika, kwa mfano "1 of 2". Ikiwa kwenye "Form factor" kumeandikwa "Row of chips", chipu zimelehemiwa kwenye bodi. Kwa undani zaidi, fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory, nayo itakutajia kila kipande, ukubwa wake na namba yake ya toleo. Linux ni sudo dmidecode -t memory.

Lakini usiziamini taarifa hizo kama msahafu. Zinatoka kwenye jedwali ambalo mtengenezaji ameliandika ndani ya BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, na wapo wanaolijaza ovyo. Kuna laptopu zinazodai zina sloti nne ilhali ukifungua unakuta mbili, na nyingine zinahesabu chipu zilizolehemiwa kana kwamba ni sloti. Uhakika ni kufungua kifuniko cha chini, au kusoma kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo hasa. Na ninaposema modeli hiyo hasa, namaanisha mpaka herufi ya mwisho. ThinkPad T480 ina sloti mbili. T480s, yenye herufi moja tu ya ziada, ina sehemu ya RAM iliyolehemiwa na sloti moja. X1 Carbon yote imelehemiwa. MacBook Air haijawahi kuwa na sloti ya RAM; MacBook Pro za Retina zililehemiwa tangu zilipotoka mwaka 2012; na kuanzia M1 ya mwaka 2020, memori imekaa kwenye kifurushi kimoja na prosesa. Laptopu nyembamba yenye LPDDR, RAM ya kutumia umeme kidogo, ichukulie kuwa imelehemiwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwa mashine za namna hiyo, uamuzi wa RAM hufanywa siku ya kununua laptopu, na inaniuma kila ninapomrudisha mtu ambaye hakuambiwa.

Ukikuta kipande kinachotoka, kitoe usome stika yake. Hii hapa ya kawaida: 8GB 1Rx8 PC4-3200AA-SA2-11. GB 8 hazihitaji maelezo. 1Rx8 maana yake safu moja ya chipu, kila chipu ikitoa biti 8. Chipu nane zinakupa biti 64 ambazo ni upana wa njia moja ya data kati ya RAM na prosesa. PC4 ni DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM ya DDR. 3200 ni kasi. Ile S ya "SA2" inakuambia ni kipande cha laptopu, si kile kirefu cha kompyuta ya mezani. Stika za zamani zinaandika tofauti: PC3L-12800S. Hapo 12800 ni megabaiti kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate 1600, ndiyo DDR3-1600.

Na ile L, tafadhali, ile L. PC3 ni volti 1.5. PC3L ni volti 1.35. Watu wanaipita herufi hii kana kwamba ni doa. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pini 204, 260 na 262 kwa vipande vya laptopu, na pengo la kati halikai mahali pamoja, kwa hiyo ukikosea kizazi, kipande kinagoma kuingia na unajua mara moja. Lakini DDR3 na DDR3L zina pini zilezile na pengo lilelile. Kinaingia, kinabana, na ukiwasha skrini inabaki nyeusi. Laptopu za Intel kuanzia kizazi cha nne zinazotumia RAM ya aina hiyo kwa kawaida zinataka volti 1.35 tu. Kinyume chake hakuna shida: kipande cha DDR3L hukubali volti 1.5, kwa hiyo kinafaa hata kwenye mashine ya zamani zaidi.

Kuhusu kiwango cha juu, karatasi ya mtengenezaji si neno la mwisho. Mara nyingi aliandika "GB 16" kwa sababu hivyo ndivyo vipande vilivyokuwapo alipoijaribu mashine. Vipande vikubwa vikaja baadaye na vikakubali. Mipaka ya kweli iko kwenye prosesa: kwa mfano, Intel za kizazi cha nne kurudi nyuma hazikubali kipande kimoja cha DDR3 cha GB 16. Na kama Windows yako ni ya biti 32, huwezi kutumia zaidi ya GB 4. Badilisha mfumo kwanza.

Sasa kuchanganya. Nasikia kila mara kwamba lazima vipande viwe vya kampuni moja, kasi moja, ukubwa mmoja. Si kweli. Lazima viwe vya kizazi kimoja na volti moja. Kasi zikitofautiana, vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole. Ukubwa ukitofautiana, tuseme 4 na 8, kwa kawaida GB 4 za huku na 4 za kule zitafanya kazi kwa njia mbili pamoja, na GB 4 zilizobaki zitapita njia moja. Kama njaa yako ni ya nafasi, 12 hizo ni bora kuliko 8 zilizolingana vizuri. Kulingana kuna faida kubwa hasa kwa sehemu ya kuchora picha iliyo ndani ya prosesa, ambayo haina memori yake na inachota kutoka kwenye RAM hiyohiyo. Anayecheza michezo au kuhariri video ataiona, anayeandika barua hataiona.

Hata hivyo, kuchanganya kuna siku kunagoma bila sababu inayoonekana. Kila kipande kikiwa peke yake kinapita majaribio usiku kucha. Ukiviweka pamoja, mashine inaganda baada ya saa kadhaa. Unavibadilishana sloti, inatulia. Stika haitakuonya, wala jedwali la mtengenezaji. Kwa hiyo kabla hujalipa, kubaliana na muuzaji kwamba kipande kinaweza kurudi.

Kufunga ni kazi ndogo. Zima kwa kushikilia Shift unapobofya "Shut down", kwa sababu kuzima kwa kawaida kwenye Windows mara nyingi huacha kiini cha mfumo kimelala kwenye diski. Toa chaja, tenganisha betri, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kama 15, gusa chuma. Ingiza kipande kikiwa kimeinama kiasi cha nyuzi 30, sukuma mpaka dhahabu ya pini karibu yote imezama, ndipo ukilaze mpaka vibanio viwili vya pembeni vilie. Skrini nyeusi baada ya kuongeza RAM mara nyingi ni kipande ambacho hakikuzama vizuri. Lakini usikimbilie kufungua tena: mara ya kwanza, hasa kwa DDR5, bodi hutumia muda kuizoea memori mpya, na inaweza kukaa gizani dakika kadhaa. Iache.

Ikiwaka, utaona labda GB 16 zimewekwa na 15.4 ndizo zinazotumika. Fundi hajakuibia. Hizo zimetengwa kwa ajili ya picha na vifaa vingine.

Kisha pima kwa MemTest86+ usiku mzima, kabla hujairudia kazi yako. Kosa hata moja halivumiliki, kwa sababu RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya na utakuja kugundua nakala zako za akiba nazo zimeharibika. Kosa likitokea, toa kipande kimoja, pima kingine peke yake katika sloti ya kwanza, kisha katika ya pili. Kosa likikifuata kipande, kirudishe. Likibaki kwenye sloti ileile, tatizo ni bodi, na hakuna RAM ya kununua itakayolitibu.