Unataka kufundisha urubani ukiwa na miaka 50? Usikimbilie leseni kubwa

Watu wazima wananiuliza sana, wengi washamaliza kusomesha watoto, wanataka kuwa walimu wa urubani huku Marekani na hawajui waanze na leseni gani, na karibu wote kuna mtu kawaambia lazima wawe na ATP, ile ya marubani wa mashirika makubwa, pamoja na medikali, yani cheti cha afya cha rubani, daraja la kwanza. Jamani si kweli. Kwenye mashirika hayo sheria inakutoa ukifikisha 65, lakini mwalimu hana ukomo wa umri kabisa.

FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wanataka uwe na leseni ya kibiashara na reting ya instrumenti, yani ya kuruka mawinguni kwa kutegemea vyombo peke yake, halafu ndo unasomea ualimu wenyewe. Kwa njia ya kawaida leseni ya kibiashara inadai masaa 250 na injini moja inatosha, kwaiyo anaekushauri ulipie kwanza injini mbili anakumalizia hela bure.

Medikali ndo inawatoa watu roho, mtu ana presha au sukari anakata tamaa kabla hajaanza. FAA wanahesabu mwalimu analipwa kwa kufundisha, sio kwa kurusha ndege, ndo maana daraja la tatu linatosha hata ukilipwa, na aliyevuka 40 linadumu miezi 24. Ila tafadhali sana, kama una tatizo la kiafya ongea na daktari wa anga KABLA hujajaza ile fomu ya maombi, manake ukikataliwa rasmi unajifungia pia mlango wa pili, ule wa mwalimu wa ndege ndogo za sport, ambao unaruhusu leseni ya gari badala ya medikali na unaanzia masaa 150. Nimeona watu wanaupoteza hivihivi na inaniuma.

Kingine, zile mbinu za leseni ya kibiashara anza kuzifanyia mazoezi ukiwa kiti cha kulia. Vyombo viko upande wa kushoto so unavisoma kwa pembeni, mkono wa kulia sasa ndo unashika usukani na wa kushoto pawa ya injini, na kutua kunakuwa kugeni kabisa wiki za mwanzo. Alafu kuna spini, lazima mwalimu wako asaini kwamba unaijua. Unavuta pua juu, honi ya stoli, yani ya kuonya mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kubeba ndege, inalia, unakanyaga pedali moja mpaka mwisho, ndege inaangukia bawa moja na ardhi yote inazunguka mbele ya kioo, hapo unatoa pawa, unaweka usukani katikati, pedali ya upande wa pili, unasukuma usukani mbele. Mwenye miaka 55 anaiweza vizuri tu, mwili unazoea.

Ukishapata ualimu, kinachofuata mi ningechagua ualimu wa instrumenti, sio injini mbili, wenye ndege zao binafsi wanautafuta sana.

Na anaewaza kurudi kufundisha Wilson au Dar, leseni ya FAA haikufanyi mwalimu kule moja kwa moja, KCAA na TCAA, mamlaka za anga za Kenya na Tanzania, wana taratibu zao, waulize kabla hujafunga mizigo.