Pikapu ya petroli kutumia E85: usihangaike na mipira, hangaika na nozeli

Kila wiki napigiwa simu, nikipokea tu nasikia "fundi, hiyo ethanoli si itakula mipira yote?" Jamani. Huku Iowa, Marekani, ethanoli ni pombe ya mahindi, na mahindi yanafika mpaka dirishani na petroli ya kawaida tu ina ethanoli 10%, gari zinakunywa hiyo miaka na miaka. E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi, ni kali zaidi ni kweli, paipu na oringi za zamani nazikagua, ila kinachoua hizi kazi ni kiasi cha mafuta.

Iko hivi: kilo moja ya petroli inataka hewa kama kilo 14.7, ila E85 inataka 9.8 hivi. Kwa hiyo ukijaza E85 bila kugusa kitu, nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini zinafunguka muda uleule wa petroli na injini inabaki na njaa. Oksijeni sensa inaiambia kompyuta ongeza, inaongeza, inaongeza, gari nyingi zikifika kama 25% zinanyoosha mikono, taa ya injini inawaka, ukisoma kodi ya hitilafu unakuta P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo.

Ndivyo ilivyokuja Tacoma moja ya 1999, injini ya 2.7, mwenyewe kajaza tenki zima kwa sababu jirani kamwambia "inakubali tu". Inakubali wapi, ilikuwa inamisi mpaka kioo cha pembeni kinatetemeka!

Kabla ya kufungua kitu nilichukua chupa yenye vipimo, maji mililita 50, mafuta ya kwenye tenki lake 50, nikatikisa nikaacha itulie. Ethanoli inakimbilia kwenye maji, petroli inaelea juu. Mstari wa maji ulipanda mpaka 85, yaani kwenye zile 50 ethanoli ni kama 35, sawa na 70%. Msishangae, E85 ya Marekani inaruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia 51% mpaka 83% kutegemea msimu, ndio maana mimi sipendi kuweka nozeli kubwa na kuiseti mara moja ukasahau. Nilimfungia sensa ya ethanoli kwenye paipu ya mafuta, inatoa mawimbi ya hezi 50 kama hakuna ethanoli na 150 kama ni ethanoli tupu, na kiboksi cha kielektroniki kinasoma hapo kisha kinaongeza muda wa nozeli kufunguka, akichanganya na petroli njiani poa tu. Pampu nilipima presha ikiwa na mzigo, ikawa nzima. Halafu muulize fundi kama kiboksi chake kina kibali cha EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, maana kuchezea mfumo wa moshi huku ni kesi.

Filta ya mafuta badilisha baada ya tenki moja au mawili, ethanoli inaosha uchafu wote uliolala kwenye tenki miaka 20 na unaenda wapi kama sio kwenye filta.

Kuhusu hela sasa. Alikuwa anapata maili 21 kwa galoni, sasa hivi ni 16. Kwa hiyo petroli ikiwa dola 3, E85 ikizidi kama dola 2.28 namwambia ajaze petroli, gari haitanuna.

Januari ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri lazima ataniita, ethanoli haipendi kugeuka mvuke kwenye baridi. Nimeshamwambia wiki hizo apunguze ukali kwa nusu tenki la petroli na achomeke hita ya injini usiku.