Hotuba ya Mashtaka na Hotuba ya Ushauri

Nafundisha ufasaha na mawasiliano ya umma hapa Mtwara. Wanafunzi wangu ni maofisa ugani, watangazaji wa redio za jamii, viongozi wa vyama vya msingi na vijana wa vikundi vya mazingira. Karibu kila kundi jipya huja na hotuba ileile: ya Greta Thunberg wa Sweden, mwanaharakati wa mabadiliko ya tabianchi, aliyoitoa Umoja wa Mataifa jijini New York tarehe 23 Septemba 2019 akiwa na umri wa miaka 16. Wameitazama kwenye simu, imewagusa, nao wanataka kuzungumza hivyo. Nawaelewa kabisa, ni hotuba nzuri mno. Lakini ukiipeleka kama ilivyo kwenye mkutano wa kijiji Tandahimba au Kilwa haitamshawishi mtu, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kwanza, kwa nini ilifaulu kule. Wengi tunakumbuka hasira, ile "Mnathubutuje!" aliyoirudia mara nne mbele ya wakuu wa nchi. Kinachosahaulika ni kwamba katikati ya hotuba kuna hesabu tupu. Aliwaeleza kuwa ili dunia iwe na uwezekano wa asilimia 67 wa kutovuka nyongeza ya joto ya nyuzi 1.5, mwanzoni mwa Januari 2018 ilikuwa imebakiza tani bilioni 420 tu za hewa ya ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, ambazo ingeweza kutoa, na kwamba siku anayozungumza zimeshapungua hadi chini ya bilioni 350. Hasira yake imesimama juu ya hesabu hiyo. Bila hesabu, wangemwona mtoto aliyekasirika tu, wakampigia makofi na kwenda kula.

Lililoipa nguvu zaidi, hata hivyo, ni watu waliokaa mbele yake. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aligawa hotuba katika aina tatu: ya mahakamani, inayouliza nani alitenda nini; ya barazani, inayouliza tufanye nini; na ya sherehe, inayosifu au kulaumu. Ya Greta ni ya mahakamani. Ina mshtakiwa, ina kosa, ina ushahidi wa namba, na mwishoni anawaambia kwamba macho ya vizazi vijavyo yanawatazama, na kwamba wakichagua kuwaangusha vijana, vijana hawatawasamehe kamwe. Washtakiwa walikuwamo ukumbini, na mikononi mwao mlikuwa na sera za nchi zinazotoa moshi mwingi kuliko zote. Mashtaka yalifika kwa wahusika.

Sasa ipeleke hotuba hiyo Newala. Mshtakiwa ni nani? Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa itokanayo na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mzee mwenye ekari nne za mikorosho na baiskeli moja hajamwibia mtoto yeyote ndoto zake, kama Greta alivyowashtaki wale wakuu. Kijana mmoja niliyemfundisha alijaribu, kwa moyo wake wote. Alipowauliza wazee "mmetuachia nini?", watu walinyamaza, kisha mzee mmoja akamjibu kwa upole: "Mjukuu wangu, hayo kawaulize wenye viwanda." Mkutano ukahamia kwenye bei ya korosho. Mzee alikuwa na haki. Mtu ukimshtaki kwa kosa lisilo lake, atajitetea, na akishaanza kujitetea hashauriki tena.

Ndiyo maana siku hizi naanza na Mia Mottley, Waziri Mkuu wa Barbados, alipozungumza kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, Glasgow, Novemba 2021. Naye alikuwa akiwaambia wakubwa, lakini angalia alivyofanya. Alisema nyongeza ya joto ya nyuzi mbili ni hukumu ya kifo, halafu akataja ni kwa watu gani, nchi moja baada ya nyingine: Antigua na Barbuda, Maldivi, Dominica, Fiji, Kenya, Msumbiji. Ukiwa Mtwara, Msumbiji ni ng'ambo ya Mto Ruvuma. Huko tuna wakwe na mashemeji. Jina hilo moja linafanya kazi ambayo maneno ya semina kama "jamii zilizo katika mazingira hatarishi" hayataifanya kamwe.

Na sisi tunayo majina yetu. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, mafuriko yakakata barabara maeneo ya Somanga, Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam. Katikati kuna kimbunga Kenneth, Aprili 2019, na hapo ndipo msemaji hupimwa. Tahadhari ilitolewa, watu wa pwani ya Mtwara wakaambiwa wahamie sehemu zilizoinuka, kimbunga kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wapo wanaosema hadi leo, "walitutisha bure." Usikwepe kauli hiyo. Waambie kilitua kama kilomita 200 kusini mwetu, kikaua watu na kubomoa nyumba, na kwamba kwa kimbunga umbali huo ni mdogo mno. Msemaji asiyelijibu hilo atapigiwa kelele tahadhari nyingine ikija, na safari hiyo gharama yake inaweza kuwa uhai wa watu.

Kijijini kinachofaa ni hotuba ya barazani, nayo huanzia kwenye jambo ambalo msikilizaji analijua kuliko wewe. Kwetu ni korosho. Mvua au ukungu ukija mikorosho ikiwa imechanua, kati ya Juni na Septemba, maua huharibika, ugonjwa wa ubwiriunga hupata nafasi, mkulima hurudia kupuliza dawa ya salfa na gharama hupanda kabla hata ya mnada wa kwanza. Hayo hawahitaji kufundishwa. Wanachohitaji kutoka kwako ni kiungo kati ya hayo na joto la dunia: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Na usiseme kila mvua ya Agosti ni mabadiliko ya tabianchi. Wazee wamewahi kuziona mvua za Agosti. Ukitia chumvi hapo, hata la kweli hawatalichukua.

Kisha lete jambo la kuamuliwa. Kwa kina mama wa mwani, kwa mfano, maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi mwani hudhoofika na kufa, na njia mojawapo ni kuhamishia kamba zinazofungiwa mwani kwenye maji ya kina zaidi. Huko kunahitajika chombo cha majini, na wengi wao hawajui kuogelea. Hotuba inayoishia "kina mama, badilikeni" haijasema kitu. Sema chombo kitanunuliwa na nani, na nani atawafundisha kuogelea.

Jingine ni gesi asilia inayochimbwa Msimbati, hapa Mtwara. Litaulizwa tu, na hasa hapa, ambako mwaka 2013 watu waliingia barabarani kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Unazungumzia moshi wa dunia, mtu anasimama: "Na gesi yetu ya Msimbati je?" Nawahimiza wanafunzi wangu walitaje wenyewe mapema, kabla hawajaulizwa. Semeni kwamba umeme unaowasha taa hizi unatokana na gesi; kwamba ikichomwa kuzalisha umeme hutoa karibu nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa ya mawe, lakini bado inatoa. Halafu wekeni mezani swali lenye mtu wa kulijibu: katika ushuru wa huduma ambao halmashauri inaupata kutokana na gesi hiyo, ni kiasi gani kinakwenda kwenye mikoko, mitaro na maeneo ya kukimbilia wakati wa kimbunga? Diwani yupo, na kabla ya kikao cha bajeti mkutano wa kijiji una haki ya kumtuma.